Nguo Hazigeuzi Tabia: Nasaha juu ya Wachezaji na Sifa ya Mchezo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, twataka leo kusema na ndugu zetu juu ya jambo ambalo pengine baadhi yao watastaajabu kuliona katika ukurasa huu, nalo ni khabari ya wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, mwenendo mbaya wa baadhi yao, na namna wakubwa wa mchezo huo walivyohangaika kuisafisha sifa yake mbele ya watu.

Huenda mtu akasema, "Masheikhe wana nini na mpira? Na watufundishe twahara na Sala." Jawabu yetu ni kuwa mpira huo hauko mbali nasi kama anavyodhani. Apite jioni katika mitaa yetu ya Mombasa, atawaona watoto wetu wamevaa fulana zenye majina ya wachezaji hao migongoni mwao. Na mtoto avaaye jina la mtu mgongoni hakawii kuivaa tabia yake moyoni. Tena mwaka 2021 ligi hiyo ya Marekani, iitwayo NBA, ilishirikiana na shirikisho la dunia la mpira wa kikapu kuanzisha ligi ya Afrika, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza katika ligi hiyo. Mchezo umekwisha fika mlangoni. Lililobaki ni kujua umekuja na nini, ili tupokee lililo jema na tuliache lililo baya.

Na tuseme wazi tangu mwanzo kuwa mchezo wenyewe hatuna ugomvi nao. Kuutia mwili nguvu ni jambo jema, na Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha, wala hakuona haya kwa hilo. Maneno yetu ni juu ya tabia, na juu ya kile watu wakiitacho sifa au jina.

Sikilizeni basi khabari hii. Usiku wa tarehe 19 Novemba 2004, katika uwanja ulioitwa The Palace of Auburn Hills, jimbo la Michigan, timu ya Indiana Pacers ilikuwa ikicheza na Detroit Pistons. Zilikuwa zimebaki chini ya sekunde 46 mchezo kwisha, na Pacers walikuwa mbele kwa pointi 97 kwa 82. Yaani ushindi umekwisha julikana ni wa nani, wala hapakuwa na kitu cha kugombaniwa. Hapo Ron Artest wa Pacers akamchezea rafu Ben Wallace wa Pistons alipokuwa akienda kutia mpira kikapuni. Wallace akaghadhibika, akamsukuma kwa mikono miwili. Wachezaji wakakusanyika, hawa wakivutana na hawa wakiamua. Artest akajitenga nao, akenda akalala chali juu ya meza ya wanaoandika pointi. Naye amelala vivyo hivyo, mtazamaji mmoja akamrushia kikombe cha kinywaji kikamwangukia.

Artest akainuka kwa ghadhabu, akaingia katika viti vya watazamaji, akamkamata mtu ambaye siye aliyerusha. Mwenziwe, Stephen Jackson, akamfuata akipiga ngumi. Jermaine O'Neal akampiga mtazamaji aliyeshuka uwanjani. Mchezo ukavunjwa pale pale, na wachezaji wa Pacers wakatoka huku wakimiminiwa vinywaji na vyakula vichwani mwao, hata kiti kikarushwa. Na watu waliokuwa majumbani wakayaona yote hayo katika televisheni.

Tuzingatieni, ndugu zetu, khabari hii kwa macho ya mtu anayetaka kujifunza, si kwa macho ya mtu anayetaka kucheka. Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha mwenye kughadhibika kwamba akiwa amesimama na akae, na kama ghadhabu haikumwondoka na alale. Basi mtu huyu, bila ya kuyajua mafundisho hayo, alikuwa amelala. Aliuacha ugomvi, akajitenga. Moto ulikuwa umeanza kufa. Ni nani aliyeuwasha tena? Ni mtu aliyekaa katika kiti, aliyelipa pesa zake kuja kutazama, ambaye hakuguswa na yeyote wala hakutukanwa na yeyote. Alimchokoza mtu aliyekuwa akijizuia.

Wala hatusemi haya ili tumtoe Artest lawamani. La. Mwenye nguvu katika dini yetu si yule awaangushaye wenziwe, bali ni yule aizuiaye nafsi yake anapoghadhibika. Na Artest hakuizuia, na zaidi ya hayo akamwendea asiye na kosa. Hii ndiyo desturi ya ghadhabu, kwamba haina macho ya kumjua mkosa. Wazee wetu walifupisha wakasema, hasira hasara. Lakini uadilifu wataka kila mtu abebe mzigo wake. Mpigaji ana wake, mchokozi ana wake, na aliyesimama akishangilia akingoja damu itoke naye pia ana wake.

Je, wakubwa wa ligi walifanya nini? Walitoa adhabu, na adhabu zilikuwa nzito. Wachezaji tisa walisimamishwa. Artest alizuiliwa msimu wote uliobaki, akakosa michezo 86 pamoja na ile ya mwisho wa msimu. Jackson alizuiliwa michezo 30. O'Neal alizuiliwa michezo 25, kisha msuluhishi akaipunguza ikawa 15. Wallace, aliyesukuma tu, alizuiliwa michezo 6. Wote hawa walikosa na mishahara yao. Na mtazamaji aliyerusha kikombe alipelekwa mahakamani, akahukumiwa kifungo cha siku 30, na timu ikampiga marufuku kuingia tena uwanjani mwake. Haya hatuyapingi. Kosa lililofanywa hadharani lastahiki kukemewa hadharani, na hukumu iliyompata mchezaji na mtazamaji pamoja i karibu zaidi na haki kuliko ile impatayo mmoja na kumwacha mwenziwe.

Lakini likafuata jambo la pili, nalo ndilo tutakalo mulitie akilini. Mwezi wa Oktoba 2005 mkuu wa ligi, David Stern, alitangaza sharti ya mavazi. Kila mchezaji awapo katika kazi ya timu au ya ligi, naye hachezi, avae nguo za heshima kama wavaavyo watu wa maofisini. Mikufu iliyoning'inizwa juu ya nguo ikakatazwa, na kofia za michezo, na fulana, na miwani ya jua ndani ya nyumba. Wachezaji wengi walinung'unika. Baadhi yao walisema kwamba sharti hii imewalenga vijana weusi na mavazi ya mitaa yao, kana kwamba ubaya unakaa katika mkufu. Wakubwa nao wakasema kuwa wanataka heshima ya kazi.

Sisi twasema hivi. Kuvaa vizuri ni jambo jema, na dini yetu imeamrisha unadhifu. Ila tujiulizeni: ule usiku wa Novemba, ni nguo gani iliyopigana? Wachezaji walikuwa katika nguo za mchezo, zote namna moja, walizopewa na timu zao. Kikombe hakikurushwa na mkufu. Ugonjwa ulikuwa katika ghadhabu, na dawa ikapakwa katika shati. Na ndivyo afanyavyo kila mtu ambaye swali lake la kwanza ni "watu watatuonaje?" badala ya "sisi tukoje?" Swali la kwanza hujibiwa na fundi cherehani. Swali la pili halijibiwi ila kwa toba, na mafunzo, na subira ya miaka.

Na Mwenyezi Mungu akawaonyesha watu hayo kwa mifano iliyo wazi. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba mwamuzi mmoja wa ligi hiyo, Tim Donaghy, amejiingiza katika kamari juu ya michezo aliyoiamua mwenyewe. Alikiri makosa yake mbele ya mahakama, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Huyu alikuwa ndiye kadhi wa uwanja, amevaa nguo ya uamuzi na filimbi mdomoni, wala hapakuwa na mkufu shingoni mwake. Tena mwaka 2014 yalisikika maneno ya ubaguzi dhidi ya watu weusi yaliyosemwa na Donald Sterling, mwenye timu ya Los Angeles Clippers. Mkuu mpya wa ligi, Adam Silver, alimpiga marufuku maisha na kumtoza faini ya dola milioni 2.5. Huyu naye hakuwa kijana wa mtaani; alikuwa tajiri mwenye suti zake, na timu alikuwa nayo tangu mwaka 1981. Basi miaka yote hiyo watu waliokuwa wakichunga sifa ya mchezo walikuwa wakizitazama shingo za vijana, na huku uovu umekaa katika viti vya mbele umejifunga tai.

Na liko lililo kubwa zaidi ya hayo. Mwezi wa Aprili 2024 mchezaji wa Toronto Raptors, Jontay Porter, alifukuzwa katika ligi maisha, kwa kuwa alitoa siri za afya yake kwa watu wa kamari, akajitoa mchezoni mapema ili wenziwe wapate pesa, na yeye mwenyewe akacheza kamari juu ya michezo ya ligi. Adhabu hii ilistahiki. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 2018, baada ya mahakama kuu ya Marekani kuondoa sharia iliyokuwa ikizuia kamari ya michezo katika majimbo mengi, ligi hiyo hiyo ilifanya mapatano ya biashara na kampuni ya kamari. Jina la kamari likaletwa mbele ya macho ya watu, kisha kijana alipoanguka ndani yake akatolewa kama kwamba ameileta yeye. Hatumtetei mkosa. Twasema tu kwamba mtu achimbaye kisima njiani haepuki lawama kwa kumpiga aliyetumbukia.

Tena liko jambo la dhana. Baada ya ule usiku wa 2004 watu wengi walisema, "Wachezaji wa mpira wa kikapu ni wahuni." Wakachukua kosa la watu wachache wakalivika mamia ya watu ambao usiku ule walikuwa mijini kwao, hawakumgusa mtu. Huku kwetu twasema, samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwa samaki walio katika tenga moja pengine ni kweli. Ama binadamu si samaki, na nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Surat al-Hujurat imetukataza dhana mbaya, na kupelelezana, na kusengenyana, na imetukataza watu kuwadharau watu wengine. Nasi watu wa mwambao twajua uchungu wa jambo hili kuliko wengi, kwani ni mara ngapi kijana mmoja amekosa, ukatuhumiwa mtaa mzima? Basi lile tusilopenda kufanyiwa, tusiwafanyie wengine, hata wakiwa mbali na hata wakiwa si wa dini yetu.

Na tukitaka kujua sifa ya kweli hupatikana vipi, katika mchezo huo huo tuna mifano miwili. Wa kwanza ni Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nigeria, aliyechezea Houston Rockets. Katika miaka yake ya mwanzo alijulikana kwa ghadhabu na kubishana na waamuzi. Kisha akairudia dini yake, akashika Sala na Saumu, na mwenendo wake ukatulia mbele ya macho ya watu. Timu yake ikachukua ubingwa mwaka 1994 na 1995. Na mwezi wa Februari 1995, ulioingiliana na Ramadhani, alicheza naye amefunga, na ligi ikamchagua kuwa mchezaji bora wa mwezi huo. Hakuna aliyempa sharti ya mavazi. Wala hakuomba watu wamsifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mfano wa pili ni Artest mwenyewe, na huu una mafunzo zaidi kwa watu kama sisi, ambao nafsi zetu hazitulii upesi. Baada ya miaka alikwenda kutafuta matibabu ya nafsi yake wala hakuona haya. Alipochukua ubingwa na Los Angeles Lakers mwaka 2010, alimshukuru daktari wake mbele ya televisheni, kisha akaitoa pete yake ya ubingwa ichezewe bahati nasibu ili zipatikane fedha za kuwasaidia wenye maradhi ya nafsi. Njia ya bahati nasibu sisi hatuiridhii, lakini nia ya kuwasaidia wagonjwa twaitambua. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya ligi ya mwenye kuwatumikia watu, na mwaka huo huo akabadili jina lake akajiita Metta World Peace, yaani jina la upole na amani ya dunia. Basi je, mambo yakesha hapo? Hayakwisha. Mwezi wa Aprili 2012 alimpiga mchezaji mwenziwe, James Harden, kiwiko cha kichwa, akasimamishwa michezo 7.

Baadhi ya watu walicheka, wakasema amani yake i wapi. Sisi hatucheki. Twaona hapo ukweli ambao kila mwenye kupigana na nafsi yake aujua: jina hubadilishwa siku moja, tabia hubadilishwa umri mzima. Mwenye kuanguka akainuka akaendelea ni bora kuliko yule ambaye hajaonekana akianguka kwa kuwa anguko lake limefunikwa na wakubwa.

Na hapa ndipo tulipokuwa tukielekea tangu mwanzo. Ndugu zetu, tusidhani ugonjwa huu wa kutazama sifa badala ya tabia ni wa Marekani peke yake. Umo katika majumba yetu, na katika vyama vyetu, na umo hata mahala tunapofundishia watoto wetu. Litokeapo kosa, kijana wa jamaa kubwa akampiga mtu, au mtu mwenye cheo akala amana, au mtoto wa watu akadhulumiwa na aliyeaminiwa kumlea, wazee hukutana usiku. Na swali liulizwalo kwanza huwa ni "watu watasemaje?" wala si "nani aliyedhulumiwa, na haki yake itarudi vipi?" Kisha huambiwa aliyeumizwa anyamaze, asiuchafue ukoo, asiitie dini aibu. Nao huliita jambo hilo sitara.

Hii si sitara. Sitara ambayo dini imeisifu ni kufunika aibu ya mtu iliyo baina yake na Mola wake, ikiwa ametubu na hamdhuru mtu. Ama kufunika dhulma ya mtu juu ya mtu mwingine, huko ni kumsaidia mdhalimu na kumvua nguo mdhulumiwa. Na jina lililolindwa kwa njia hiyo halilindiki, kwani siku litakapofichuka litafichuka pamoja na majina ya wote waliolificha. Wale wakubwa wa ligi, pamoja na makosa yao yote tuliyoyataja, waliadhibu hadharani, wakataja majina, wakahesabu michezo. Je, sisi tulio na Kitabu, tutashindwa na waendesha mchezo?

Basi nasaha yetu ni hii. Enyi vijana mnaokwenda viwanjani kutazama, jueni kwamba tikiti hainunui haki ya kumtukana mtu wala kumrushia kitu, na ulimi wako kitini una hesabu kama mkono wa aliye uwanjani. Enyi walimu wa timu, mfundisheni mchezaji kujizuia kama mnavyomfundisha kulenga kikapu, na akikosa mpeni adhabu hata akiwa ndiye mfungaji wenu bora. Enyi wazazi, msitosheke kumtazama mtoto kanzu yake na kofia yake siku ya Ijumaa. Tazameni amefanyaje aliposhindwa, na amesema nini alipochokozwa, na simu yake iko katika mambo gani, kwani kamari siku hizi haina haja ya kumtoa mtoto nyumbani. Nanyi wakubwa wa jamaa na wa vyama, lijapo jambo mbele yenu, anzeni na aliyedhulumiwa. Haki ikisimama, jina litajisimamisha lenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitengeneze siri zetu kabla ya dhahiri zetu, atupe nguvu za kuzizuia nafsi zetu wakati wa ghadhabu, na atujaalie kuwa watu ambao wema wao waonekana kwa kuwa upo. Wabillahi-ttawfiq.